UZI: "Mtoto wangu hali mboga" – tuikague nyumba kabla ya kumkagua mtoto

#1 Kibaba

Habari za jioni wakuu.

Kila baada ya siku chache kuna mzazi anauliza humu dawa ya kumwongezea hamu ya kula mtoto wa darasa la pili au la tatu. Majibu ni yale yale: mnunulie sirapu ya vitamini, mwache akiumwa njaa atakula, mchape. Naomba leo tugeuze swali. Mtoto wa miaka 6 hadi 13 haendi sokoni, hapiki, hapangi saa ya kula, na nyumba nyingi hata kupakua hapakui yeye. Yote hayo anayakuta. Kwa hiyo kabla ya kumpeleka mtoto kwa daktari, kagua saa, kagua kabati, kisha mwangalie anayeshika upawa.

Naanza na saa kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi za mjini zinapoharibikiwa.

Chukua siku ya kawaida ya mtoto wa Dar. Saa 12 asubuhi yuko njiani, kanywa chai ya rangi na andazi moja, au hakutia kitu mdomoni. Mapumziko ni saa 4. Anarudi nyumbani saa 9 alasiri. Mama anafika saa 1 usiku, ndiyo kwanza jiko linawashwa, na chakula kinaiva saa 3. Hapo kati kuna saa 6, na hakuna mtoto wa kukaa saa 6 bila kutafuna. Anakwenda dukani kwa Mangi, biskuti na juisi ya boksi. Saa 11 kachori za jirani. Saa 12 kipande cha mkate. Ikifika saa 3 anawekewa ugali na mchicha, anafinyanga tonge moja robo saa huku macho yanafumba, na hukumu inatoka: "Huyu mboga hataki kabisa."

Huyo kashiba na ana usingizi. Kama kweli hapendi mboga huwezi kujua mpaka urekebishe saa kwanza.

Marekebisho yenyewe: akifika saa 9 akute MLO, si kitafunwa. Maharage ya jana jioni yaliyohifadhiwa kwenye friji na kuchemshwa upya, mchicha, na ugali au kiazi kitamu, kiasi cha nusu ya sahani yake ya kawaida. Hiyo ndiyo saa ana njaa kuliko zote, basi mboga iwekwe hapo, isisubiri usiku. Baada ya saa 10 na nusu ni maji tu hadi chakula cha usiku, na cha usiku kisogezwe saa 1 na nusu au saa 2. Kama mama hawezi kufika mapema, maharage yachemshwe Jumapili na kugawanywa kwenye vyombo vya siku tatu ndani ya friji. Asiye na friji apike asubuhi kile cha saa 9, na mboga ya majani ioshwe na kukatwa mtoto akifika, inaiva kwa dakika 7.

Jaribu wiki mbili bila kubadilisha kitu kingine chochote, ndipo useme mtoto ana tatizo.

#2 Mwalimu Chaki

Nakazia hapo kwenye saa, na niongeze saa 4 asubuhi.

Mzazi anayetoa mia tano kila asubuhi anaona ametoa hela. Kwa kweli ametoa oda ya chakula bila kujua kilichopo kwenye menyu. Simama nje ya geti la shule yoyote ya msingi wakati wa mapumziko: mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili, barafu za rangi kwenye mfuko, ubuyu uliokolezwa sukari na rangi, krispi, pipi, maandazi. Tunda, labda embe bichi la chumvi kwa msimu wake. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa uji atanunua kinachoshibisha haraka. Aliyekunywa uji atanunua kinachochangamsha mdomo. Kwa hiyo uji wa saa 11 na nusu alfajiri unabadilisha hata atakachonunua saa 4.

Wanaowafungia watoto chakula cha kwenda nacho shule wanakosea mambo mawili. La kwanza ni harufu. Dagaa au samaki kwenye chombo kinachofunguliwa darasani ni aibu kwa mtoto, atarudi nacho kimejaa, halafu atasema alishiba. Fungia visivyonuka: kiazi kitamu cha kuchemsha, yai, chapati iliyokunjwa, karanga za kukaanga konzi moja. Ndizi mbivu chagua iliyoanza tu kuwa ya njano, maana yenye madoa itapondeka chini ya madaftari. La pili ni mfuniko. Jaribu nyumbani kama vidole vyake vinaweza kuufungua. Vyombo vya kubana pembe nne vinawashinda wa darasa la kwanza, na wengi wanaona haya kumwomba mwalimu.

#3 Tandika Mwisho

Haya mambo ni ya wenye nafasi. Mtu ananunua unga wa kupima na mafuta ya kufungwa kwenye kimfuko, wewe unamletea habari za kabati na friji. Lishe ni hela wakuu, tusidanganyane.

#4 Kibaba

@Tandika Mwisho, hela ina sehemu yake, sikatai. Mafuta, mayai, maziwa na nyama vinataka hela. Lakini hebu tupige hesabu ya sukari, kwa sababu sukari inanunuliwa hata na asiye na friji.

Angalia kilo moja inakaa siku ngapi nyumbani kwako. Watu watano wakimaliza kilo ndani ya siku nne, kila mmoja amekula gramu 50 kwa siku. Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye mwongozo wake wa 2015 linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kama kalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40, na 5 ni gramu 20. Gramu 20 ni vijiko vitano vya chai. Sasa huyo wa gramu 50 hatujamhesabia soda, na chupa moja ya soda ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa.

Ukiipunguza, umebakiza hela. Hela ya soda moja inapata mchicha sokoni, na bado hujagusa bajeti ya nyama.

Njia ya kupunguza ni hii. Acha kutia sukari ndani ya sufuria au chupa ya chai. Sukari ikitiwa kwenye chupa, mtu mzima mwenye ulimi wa utamu kuliko wote ndiye anayewapangia watoto kipimo. Itiwe kikombeni, kwa kijiko kidogo, kisiwe na kichuguu juu. Mtoto wa vijiko vitatu mshushe hadi viwili na nusu, kaa hapo wiki nzima, kisha viwili. Ukikata ghafla atakataa chai na mkate wake pamoja. Mchaichai, iliki au tangawizi husaidia ulimi usione pengo. Ulimi unazoea, ila unataka wiki kadhaa, na nyumba nzima ishuke pamoja. Baba akiendelea na vijiko vinne mbele yao, kazi imeharibika.

#5 Bint Chwaka

Assalaam alaykum. Mie nataka kuzungumzia sinia, maana huku Unguja ndiko tunakolelewa, na watu wa bara wengine wanalipiga vita bila ya kulijua.

Sinia lina faida yake. Mtoto anamuona mkubwa anakula mchicha wa nazi, anamuona anachambua samaki, anamuona anasukuma biringani kando kama halipendi. Anaiga vyote. Hakuna somo la skuli linalofika hapo.

Ubaya wake ni kasi. Kijana wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 6 hawali mbio moja. Mkubwa anaanza na kitoweo, mdogo anaanza na wali ulio mbele yake, na akifika kwenye samaki hamna kitu. Nje unamuona kashiba, tumbo limejaa wali mtupu. Dawa si kuvunja sinia. Gawa kitoweo na mboga mbele ya kila mmoja kabla mkono wa kwanza haujaingia, na samaki wa wadogo atolewe miba kabisa. Mboga isimwagwe yote upande wa mama.

Na jengine. Huku mlo mkubwa ni wa mchana, usiku watu wengi wanakunywa chai kwa mkate, mihogo au chapati. Mtoto anayesoma mkondo wa mchana akikosa ule wa nyumbani basi siku nzima hajaonja jani. Huyo awekewe sahani yake, ifunikwe, apashiwe moto akirudi. Asiambiwe "kunywa chai, chakula kimekwisha."

#6 Mwiko wa Mninga

Bibie umegusa kitu. Mimi naongezea maneno tunayosema mezani. Angalia lile neno "tu". "Leo tumekula tembele tu." "Hakuna mboga leo, ni mchicha tu." Nyama ikipikwa hakuna anayesema "tu". Mtoto wa miaka saba anajua Kiswahili vizuri sana. Ameshaelewa kwamba majani ni chakula cha siku ambayo hela imeisha, na nyama na chipsi ni chakula cha siku njema. Halafu akifika darasa la sita mnashangaa anaona haya kula matembele mbele ya wenzake.

Pia kuna upishi wenyewe. Nusu ya watoto "wasiopenda mboga" hawapendi MCHANGA. Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, kwenye beseni kubwa la maji, mara tatu. Unyanyue majani kwa mikono kutoka kwenye maji, usimimine maji pamoja na majani kwa sababu mchanga uliotulia chini unarudi juu. Matembele menya nyuzi za vikonyo, zile ndizo zinazomkaba mtoto kooni. Kaanga kitunguu na nyanya hadi ziive vizuri, tia majani, dakika 5 hadi 7, epua yakiwa bado ya kijani. Ukichemsha nusu saa na kumwaga maji unapata kitu cheusi, kinanuka, na vitamini C imekwenda na maji.

Bamia: osha, zikaushe KABISA kwa kitambaa kabla ya kukata, kaanga bila kufunika, kamulia limao. Ute unapungua sana. Na tafadhali, magadi kwenye maharage na kisamvu yanalainisha haraka lakini yanaua vitamini B1. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, yatawahi kuiva hata bila magadi.

#7 Tandika Mwisho

Hapo kwenye mchanga nimekubali yaishe.

Swali kwa wataalamu: na yule ambaye mboga imepikwa vizuri, ana njaa, na bado anafunga mdomo? Unamlazimisha au unamwacha?

#8 Afisa Lishe Kata

Humlazimishi, na wala humwachi. Kuna njia ya kati na ina hatua zake.

Chagua mboga moja tu. Ipike vilevile kila mara. Mweke kijiko kimoja cha chakula kando ya vyakula anavyovipenda, mara mbili au tatu kwa wiki. Usiseme neno. Akigusa sawa, akilamba sawa, akiacha sawa. Endelea mara 8 hadi 15. Ladha ngeni, hasa yenye uchungu, mtoto huizoea kwa kukutana nayo mara nyingi bila vita. Tafiti za ulaji wa watoto zimelirudia hili kwa miongo kadhaa.

Kinachoharibu zoezi kwa kawaida ni haya. Mzazi anakata tamaa mara ya tatu. Au kila siku anabadilisha mapishi, leo nazi, kesho karanga, keshokutwa kaichanganya na nyama, kwa hiyo mtoto kila siku anakutana na kitu kipya na hesabu inaanza upya. Au kuna kaka mtu anayesema "yakh!" mezani. Au, na hili ni baya kuliko yote, mkubwa anatangaza mbele ya wageni: "Huyu bamia hali." Ukimpa mtoto cheo cha asiyekula bamia atakilinda.

Rushwa pia haifai. "Maliza mchicha nikupe soda" inamfundisha kwamba mchicha ni adhabu na soda ni zawadi. Mchicha ataumeza leo, lakini mapenzi yatahamia kwenye soda. Na kufungia biskuti kabatini kwa kufuli huku zinaonekana kupitia kioo kunamfanya aziwaze kutwa nzima. Kama hutaki azile, zisiwepo ndani. Kama zipo, toa siku maalumu kwa wote bila masharti.

Kuhusu kiasi cha kulenga: mwongozo wa WHO wa 2023 unasema mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Usiogope namba. Chungwa la wastani likishamenywa ni kama gramu 130, ndizi mbivu ya wastani ni kama 100, kilichobaki kwa wa miaka 6 hadi 9 hakijazi hata kikombe cha mchicha uliopikwa. Tatizo kubwa ni kwamba chungwa liko kwenye mfuko chini ya meza, halijaoshwa, na kisu kiko juu asikofika. Biskuti inafunguka kwa meno. Menya, kata vipande vinne, weka kwenye sahani yenye kawa mezani saa 9. Litaisha bila hotuba.

#9 Mzee wa Busati

Haya ya kumwacha mtoto aamue ni ya kizungu. Mtoto wa Kiafrika anakula alichowekewa, hachagui. Sisi tulilelewa hivyo na tuko hapa.

#10 Afisa Lishe Kata

Shikamoo mzee. Tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Mtoto hachagui chakula, hachagui saa, hachagui mahali. Hayo ni ya mzazi na yasijadiliwe. Hakuna kumpikia chipsi kwa sababu kakataa ugali. Kitu kimoja tu anachoachiwa ni KIASI: kwamba ameshiba. Tumbo ni lake.

"Maliza sahani ndiyo uinuke" inafanya kazi mbili mbovu. Mtoto wa kula kidogo inamjengea chuki na meza, anaanza kufumbata chakula shavuni. Mtoto wa kula sana inamzoesha kuacha kusikiliza tumbo na kusikiliza sahani, na huko mjini tunawaona watoto wa darasa la tano wenye uzito wa mtu mzima. Kama hutaki chakula kitupwe, pakua kidogo, na akimaliza aombe tena. Ngumi yake mwenyewe ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa ugali au wali.

#11 Mzee wa Busati

Marahaba. Hapo kwenye kuomba tena naafiki. Upawa wa kwanza mdogo. Sawa.

#12 Kichanja

Jamani mbona hakuna anayemtaja dada wa kazi? Ratiba yote hiyo ya saa 9 anayeitekeleza ni yeye, mzazi yuko kazini.

Dada anapimwa kwa swali moja jioni: "Mtoto amekula?" Akijibu hapana, anaonekana mzembe. Kwa hiyo atatumia kila mbinu jibu liwe ndiyo: atawasha katuni, atamlisha kwa mkono mtoto wa miaka saba, atamkimbiza na sahani uani, atampa biskuti ili tumbo lijae tu. Anafanya kazi mliyompa. Badilisheni swali. Ulizeni "Amekula NINI, na saa ngapi?" Mwambieni wazi kwamba sahani ikirudi na chakula si kosa lake. Andikeni kwenye karatasi mlangoni: saa 9 chakula, saa 10 na nusu jiko limefungwa, katuni baada ya kula. Na hela ya dukani isipitie mikononi mwa mtoto.

Katuni na kula havipatani. Mtoto anatafuna bila kujua anatafuna nini, ama anapitiliza shibe, ama anakaa na tonge moja mdomoni mpaka tangazo liishe. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa mlo. Zikipita, ondoa sahani bila kelele.

#13 Mama Lishe Bora

Naomba kuuliza kuhusu uji wa lishe. Ninaochanganyiwa dukani una mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa. Mtoto anaunywa asubuhi lakini analalamika tumbo. Niongeze nini?

#14 Afisa Lishe Kata

Usiongeze, punguza. Vitu tisa kwenye mfuko mmoja ni tatizo juu ya tatizo, na halijamwongezea mtoto chochote.

Kila kimoja kina muda wake wa kuiva. Ulezi umeiva, soya bado. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia mwili kusaga protini, na ndiyo inayoweza kuleta gesi na maumivu ya tumbo kama haikuchemshwa kwanza. Karanga na dagaa vina mafuta, unga wake unachacha haraka, na huwezi kujua kwa macho kama karanga za msagaji zilikuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mahindi nayo hivyohivyo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Chukua nafaka moja na kunde moja, basi. Mfano dona au ulezi vikombe vitatu kwa soya kikombe kimoja. Soya ichemshwe dakika 30 kwenye maji yanayotokota, itolewe maganda, ianikwe hadi ikauke kabisa juani kwenye kichanja, ndipo isagwe. Saga ya mwezi mmoja tu, usizidishe. Karanga chambua mwenyewe, tupa zilizosinyaa, zenye ukungu au chungu, twanga, na utie kwenye uji wakati wa kupika, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe. Dagaa wale kwenye mboga yao, wakiwa wazima na mifupa yao. Uji uchemke dakika 15 hadi 20 baada ya kuanza kutokota. Wengi wanaepua ukishakuwa mzito tu, na mzito si lazima uwe umeiva.

#15 Kibaba

Nidakie hapo kwenye dona. Wanaohama kutoka sembe wanahama ghafla, watoto wanagoma, wanarudi sembe. Anza na robo dona kwa robo tatu sembe, panda kila wiki. Na dona usinunue gunia, kiini cha mahindi kina mafuta, ikikaa muda mrefu kwenye joto la pwani inakuwa chungu. Hapo mtoto akikataa yuko sahihi.

#16 Nyarwek

Salamu kutoka Kisumu. Huku vita vyetu ni vya managu, ile mnasema mnafu. Uchungu wake ndio unafukuza watoto. Chemsha kidogo, mwaga maji ya kwanza, ongeza maziwa na uache yatokote moto mdogo mpaka yapungue, kisha uikaange siku ya pili. Ndiyo, unapoteza vitamini kiasi kwa kumwaga maji, lakini mboga iliyobaki sufuriani haimjengi mtu. Akishazoea unapunguza hatua ya kumwaga.

Na wadau, chai ya maziwa pamoja na chakula. Hiyo tabia tumeirithi sisi sote. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa mboga na maharage. Iachwe kama saa moja kabla au baada ya chakula. Badala yake kamua limau kwenye mboga au mpe mtoto chungwa, vitamini C inafanya kinyume cha chai.

#17 Afisa Lishe Kata

Asante Nyarwek. Na hapo mzazi awe macho na mtoto anayekula udongo, pemba (udongo unaouzwa kwa kutafuna), chaki au mchele mbichi. Hapigwi. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Mpeleke apimwe: kwa miaka 5 hadi 11, kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) chini ya gramu 11.5 kwa desilita ni upungufu. Aangaliwe na minyoo pia, maana minyoo inaiba damu na inaua hamu ya kula, na hapo hakuna mpangilio wa jikoni utakaosaidia peke yake. Siku shule inagawa dawa za kichocho, hakikisha ameshiba kabla ya kwenda. Wanaomeza tumbo tupu ndio wanaotapika na kizunguzungu, halafu wazazi wanasema dawa ni sumu.

#18 Mama Lishe Bora

Nashukuru sana, mchanganyiko wa dukani nauacha kesho, nitaanza na ulezi na soya ya kuchemsha. Swali la mwisho: wali wa usiku unaobaki, naweza kumfungia shule asubuhi? Naupasha moto vizuri kabla.

#19 Mwiko wa Mninga

Inategemea usiku huo ulilala wapi. Kama ulibaki sufuriani juu ya jiko hadi asubuhi, usimpe hata ukiupasha mpaka ukauke. Kuna bakteria wa wali ambao wakishaacha sumu yao, moto hauiondoi, na mtoto atatapika kabla ya kipindi cha tatu. Kama ulitandazwa kwenye sinia ukapoa haraka na kuingia friji ndani ya saa moja baada ya kuiva, upashe asubuhi hadi utoe mvuke kila mahali, uingie kwenye hotipoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto kwanza, na uliwe saa 4, usisubiri saa 8 mchana. Kama hotipoti huna, fungia kiazi kitamu, na wali wa kiporo ule wewe na chai yako.

#20 Mwalimu Chaki

Na kijiko. Mnafunga vizuri halafu mnasahau kijiko, mtoto anakula wali kwa mfuniko.